Maua Katika Hodhi la Farasi

Kwa Farasi, katikati ya jiji
14 Januari 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kurejesha Mfereji wa Farasi,
Hurlingham.

Bwana au Bibi Mwenyekiti,

Mabati mliyozungushia mfereji yameondolewa na kibao kimewekwa. Kibao kinasema mwenye maoni ayaandike na kuyatuma kwa mwenyekiti. Mimi ninayo. Naandika kwa mkono kwa sababu kila nikipiga ile nambari ya simu ya kibaoni naambiwa nimekosea.

Naitwa Peres Obuya. Nauza chai, chapati na maharagwe mkabala na mfereji huo wa maji ya kunywa, na nilikuwa pale kabla ya kamati yenu kuzaliwa. Wateja wangu ni wavuta mikokoteni wanaopandisha mizigo kutoka sokoni, wang'arisha viatu, na makarani wa ofisi za ghorofani ambao hawapendi kuonekana wakila kwangu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni neno moja. Kibao kinasema mfereji huu "ulitelekezwa kwa miaka mingi". Ulitelekezwa na nani? Kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu alisugua lile hodhi la chini, walilojengewa farasi zamani, kwa brashi na mchanga. Ilikuwa zamu. Aliyekosa zamu yake alikunywa wa mwisho wiki nzima, hata kama amefika wa kwanza, hata kama ni mimi mwenye chai. Kiarie, msimamizi wa kazi yenu, alikuta brashi zetu zimepangwa nyuma ya nguzo. Alizirusha kwenye lori la vifusi pamoja na koki. Mtu hawezi kutupa brashi za watu kisha akaandika kwamba hapakuwa na mtu wa kusugua.

La pili ni maji. Mfereji wetu ulikuwa mbaya wa sura, sikatai. Koki yake ya shaba ilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Jiwe lilikuwa jeusi kwa moshi wa magari. Lakini ukiifungua koki, maji yalitoka. Watu walikunywa juu. Yaliyomwagika yaliteremka hodhini, tukanawia mikono na kuoshea vikombe. Wakati wa kiangazi, mifereji ya majengo ikikauka, hata wale makarani walishuka na chupa zao.

Sasa jiwe linang'aa. Jina la mfadhili limechongwa. Hodhi limejazwa udongo na kupandwa maua. Na pale ilipokuwa koki pamezibwa kwa saruji.

Nanunua maji kwa jerikani na kuyateremsha ngazi za jengo la tatu kutoka hapa. Vikombe naviosha kwa kuvihurumia. Wavuta mikokoteni wananiuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyeziba. Basi nami nakuuliza wewe: maji yanarudi lini?

Peres Obuya

—

Kamati ya Kurejesha Mfereji wa Farasi
Hurlingham, 20 Januari 2025

Mpendwa Bi. Peres Obuya,

Asante kwa barua yako. Kamati inathamini sana maoni ya jamii inayouzunguka mfereji.

Kuhusu neno "ulitelekezwa", tafadhali usilichukue kama lawama. Wataalamu hulitumia kueleza hali ya jiwe. Halihusu watu.

Kuhusu maji, hayo yamepangwa kwa awamu ya pili, ambayo itafuata uzinduzi rasmi wa tarehe 1 Machi. Naomba uvumilivu wenu.

Kuhusu maua, kamati iliongozwa na picha pekee ya zamani tuliyoweza kuipata. Nakala yake imebandikwa kwenye kibao. Utaona kwamba hodhi limejaa maua. Tumejitahidi kuurejesha mfereji kama ulivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Nina ombi pia. Bw. Kiarie ananiarifu kwamba ile koki ya zamani iko kwako. Mfadhili wetu, kampuni inayojenga nyumba za kuuza kule Westlands, angependa kuionyesha ndani ya sanduku la kioo katika ofisi yake ya mauzo, pamoja na maelezo mafupi ya historia. Tutashukuru ukimkabidhi mlinzi, Bw. Mulwa.

Wako mwaminifu,
Wahu Kibe
Mwenyekiti

—

Kwa Farasi
23 Januari 2025

Bi. Mwenyekiti,

Koki ninayo. Nilipanda kwenye lori la vifusi kuifuata, Kiarie akanifokea kwamba nitaumia. Sasa imefungwa kwenye pembe ya turubai langu ili upepo usiling'oe. Ina kazi. Kwenye sanduku la kioo haitakuwa nayo.

Nimekwenda kuitazama picha yenu. Mmeitazama nyinyi? Bendera zimefungwa kuanzia nguzo hadi mti wa taa. Wanaume wamevaa kofia za sherehe na wanawake glavu. Farasi wamesimama kando na vichwa wamegeuza, hakuna hata mmoja anayejali hodhi. Hiyo ilikuwa sikukuu. Mtu akipiga picha nyumba yangu siku ile binti yangu Jacklyne alipoolewa, ataona puto ukutani na keki mezani. Akija baadaye kunirejeshea nyumba, atanijazia puto na kuniondolea jiko?

Sasa nikueleze yanayotokea hapa kila asubuhi, maana nadhani hujafika asubuhi. Lori la maji linatoka Westlands na kuegesha mbele ya mfereji. Dereva anateremsha mpira na kumwagilia maua. Maji safi, mengi, yanakuja kwa lori hadi kwenye mfereji wa kunywea, na hayanywewi.

Jana Okinyi, ambaye huvuta mkokoteni, alisogea na kikombe changu mkononi. Nayaandika maneno kama yalivyosemwa.

"Soja, nisaidie hapo. Kikombe moja tu."

"Zii. Hii ni ya maua."

"Maua imekunywa imeshiba. Si unaona inatapika?"

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yamefurika ukingo wa hodhi, yanateremka barabarani.

"Buda," Mulwa akamwambia, "mimi nimeandikwa kulinda maua. Sijaandikwa kulinda wewe."

Sisemi Mulwa ni mtu mbaya. Ana watoto na alikuwa haangalii usoni. Lakini tulisimama pale, watu wazima, tukayatazama maji yakienda kwenye mtaro, kisha tukayaruka tukaendelea na kazi.

Unaniomba uvumilivu. Niambie kwanza wewe unavumilia nini.

Peres Obuya

—

Kitisuru
3 Februari 2025

Bi. Peres,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliniudhi na sikutaka kujibu nikiwa nimeudhika. Hii siiandiki kwa karatasi ya kamati. Nakuandikia kutoka nyumbani kwangu.

Umeniandikia kana kwamba mimi ni mwanamke wa maua tu. Ni kweli, maua yalikuwa wazo langu. Niliiona ile picha nikaipenda. Lakini huujui mwanzo wa jambo hili, kwa hiyo nitakueleza.

Mama yangu alikuwa akitoka Kabete gizani na kabichi mgongoni, mkanda wa mzigo umemkata paji la uso, akitembea kwa miguu hadi sokoni mjini. Alikuwa akituambia kwamba mji mzima ulikuwa na kitu kimoja tu kizuri, nacho ni ule mfereji. Kila mahali pengine aliulizwa anatafuta nini. Pale alitua mzigo, akainama, akanywa, na hakuna aliyemuuliza. Alipokuwa mgonjwa mwishoni, maji ya chupa tuliyomletea aliyakataa. Alisema hayana ubaridi kama wa yale ya kwa farasi.

Nilipostaafu benki nilikwenda kuutazama, nikaukuta umefungwa mpira wa baiskeli. Nikaona aibu. Ndipo nikaanza kutafuta watu, vibali na mfadhili. Ilinichukua miaka. Usiniambie sijui mfereji ule ni wa nini.

Nakuomba pia unisaidie kwa jambo moja. Ijumaa iliyopita mharibifu mmoja aliingiza mikono hodhini, akang'oa maua na kuyakanyaga. Walinzi walimshika na kumchukulia mkokoteni wake. Uko kwenye yadi ya mfadhili kule Hurlingham hadi atakapolipa gharama ya maua. Waeleze wenzako kwamba mambo ya namna hii yanawapa nguvu wale wanaosema watu wa pale hawastahili kitu kizuri. Kuna watu wa namna hiyo, hata katika kamati yangu, na mimi ndiye ninayebishana nao.

Wahu Kibe

—

Kwa Farasi
5 Februari 2025

Bi. Wahu,

Mharibifu wako ana jina. Ni Okinyi, yule wa kikombe. Ndiye pia aliyeifunga koki kwa ule mpira uliokutia aibu. Koki ilianza kuvuja, tukaita mafundi wa jengo, wakasema si kazi yao. Okinyi alitoa tyubu kwenye baiskeli ya shemeji yake, akafunga, na watu wakanywa kwa miaka.

Ijumaa ilikuwa hivi. Jua lilikuwa la saa saba. Mzee Odero, ambaye ndiye mkubwa wa wavuta mikokoteni wa hapa, alikuwa anapandisha viazi. Alipofika mbele yangu aliketi chini ghafla, katikati ya mikono ya mkokoteni, kisha akalala. Jerikani langu lilikuwa tupu. Nilikuwa nimemimina chai ya mwisho. Ofisi ya ghorofani walisema mfereji wao hautoi.

Siku hiyo lori la maji lilikuwa limechelewa, likaondoka muda mfupi tu kabla. Hodhini maji yalikuwa yamesimama juu ya udongo, katikati ya mashina. Okinyi alikimbia, akasukuma maua kando kwa mkono, akachota alichoweza. Yalikuwa maji ya matope na yenye mbolea. Hatukumpa mzee anywe. Tulimmwagia kichwani na kifuani, akafumbua macho, akauliza viazi viko wapi.

Mulwa alikuwa tayari amemshika Okinyi kwenye kola.

"Muachilie, mtu anakufa hapa!" nilimpigia kelele.

"Mama, nikimuachilia ni mimi nitafutwa. Kuna kamera pale juu."

Na kweli ipo. Mmeweka kamera ya kuyaangalia maua.

Wakaja wenzake na gari, wakaufunga mkokoteni kwa kamba, wakauburuta. Tangu siku hiyo Okinyi anabeba magunia kwa mgongo, na analipwa kama mtu wa mgongo. Hajakutukana. Mimi ndiye niliyekutukana, kwa Kijaluo, na sitakutafsiria.

Sasa tuje kwa mama yako. Sehemu hiyo niliisoma kimya, kisha nikaisoma kwa sauti ili wote wasikie. Mzee Odero alitikisa kichwa akasema anawakumbuka wale akina mama wa Kabete na mikanda yao. Halafu wote walinigeukia mimi. Basi nitasema mimi.

Mama yako akifika leo na kabichi zake, Mulwa atamwambia nini? Atamwambia haya ni ya maua. Akiinama achote kwa kiganja, atashikwa kola. Na kabichi zake zitapelekwa Hurlingham hadi alipe.

Usiniandikie tena habari za awamu ya pili. Niandikie tarehe.

Peres Obuya

—

Kitisuru
17 Februari 2025

Bi. Peres,

Sikujua ni Okinyi, wala sikujua kuhusu Mzee Odero. Niliyoletewa ni picha ya maua yaliyong'olewa.

Tarehe sina. Nimeuliza na ninaendelea kuuliza. Suala la mkokoteni nitalishughulikia.

Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 1 Machi. Jirani yangu hapa Kitisuru ametupa farasi wake kwa siku hiyo, na watakuwepo wapiga picha. Nakuomba, wewe na wenzako, siku hiyo kusiwe na kelele. Ngojeni ipite. Kuna mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa sasa.

Wahu Kibe

—

Kwa Farasi
18 Februari 2025

Bi. Wahu,

Mimi nimekuandikia kila ninalolijua. Wewe una yasiyoandikika.

Tutakuja. Hatutapiga kelele.

Peres

—

Kwa Farasi
2 Machi 2025

Bi. Mwenyekiti,

Ahadi tuliitimiza. Tulisimama nyuma ya kamba yenu nyekundu, tumenyamaza, mimi na aproni yangu safi. Wewe ulikuwa jukwaani kwa hiyo huenda hukusikia yaliyosemwa huku chini. Nitakuandikia.

Farasi wenu ni mzuri. Mweupe, jina lake Sukari. Aliyemleta anaitwa Mungai, ndiye anayemtunza. Yule msichana wa kampuni ya mfadhili anayeshughulikia wanahabari, Janice, alimwita kwa kidole.

"Mlete kwa hodhi. Ainame, tunataka picha akikunywa."

"Akikunywa nini, madam?" Mungai akauliza. "Hapa ni mchanga na maua."

"Ainame tu. Maji haionekani kwa picha."

Farasi akainama. Alinusa upande huu, akanusa upande ule. Halafu akaanza kula. Bi. Mwenyekiti, sijawahi kuona mtu anakula kwa utulivu namna ile. Alianza mwanzo wa hodhi akaendelea kwa mpangilio, maua, majani, mizizi na udongo wake, huku kamera zikilia.

"Mzuie!" Janice alipiga kelele. "Unajua hayo maua imetolewa wapi?"

"Madam, huyu hajaonja maji tangu Kitisuru," Mungai akamjibu. "Si ni nyinyi mlisema asipewe, ndio akuje akunywe mbele ya kamera? Sasa anatafuta maji kwa majani."

Hapo ndipo Okinyi aliposhindwa. Nilimshika mkono lakini sauti ilikuwa imeshatoka.

"Soja! Kamata huyo! Ameharibu maua! Mpeleke Hurlingham!"

Watu wa upande wetu walicheka hadi wengine wakaketi barabarani. Makarani walikuwa wamejaa madirishani. Mulwa aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nami nilicheka, nakiri. Nilicheka kisha nikaacha.

Niliacha kwa sababu dereva wa lori la maji aliletwa mbio na ndoo. Farasi akanywa ndoo nzima, akaletewa nyingine. Mzee Odero alitoa kikombe chake chini ya kamba, kwa adabu. Aliambiwa angoje wageni waondoke. Wageni walipoondoka, lori nalo liliondoka.

Simlaumu Sukari. Alikuwa na kiu kama sisi, na yeye angalau aliwaonyesha.

Ninayemlaumu ni wewe. Jina lako lilikuwa kwenye ratiba, hotuba ya mwisho. Nilikuona ukilitazama hodhi. Nilikuona ukichukua mkoba, ukashuka kwa ngazi za nyuma, ukaingia kwenye gari, ukaenda. Janice alisema unaumwa. Nilidhani mtoto wa yule mwanamke wa Kabete angesimama aseme hata neno moja.

Usiniandikie tena.

Peres Obuya

—

Kitisuru
4 Machi 2025

Mama Jacky,

Umeniambia nisikuandikie. Naandika.

Hakuna awamu ya pili. Haijawahi kuwepo. Niliambiwa na Kiarie katikati ya Februari, nilipomtafuta kwa sababu ya barua yako ya Mzee Odero. Alidhani najua. Maji hayakuwahi kukatwa kutoka barabarani. Bomba ni zima, limepita chini ya udongo wa maua, na yeye aliliziba mdomo kwa saruji kama alivyoagizwa.

Nikampigia Janice. Nitakuandikia maneno kama yalivyosemwa, kama wewe unavyofanya.

"Mama," akaniambia, "tukiweka maji, watu watakuja."

Nikamwambia ni mfereji.

"Ndiyo, mama, lakini wa kihistoria."

Sikukuandikia hayo kwa sababu nilitaka kuyasema pale jukwaani, mbele ya kamera zao, mahali wasipoweza kuyafuta. Ndiyo maana nilikuomba usipige kelele. Nilitaka wanisikie. Jumamosi asubuhi nilipofika, Janice alinipa hotuba nyingine iliyochapwa, akaniambia kipaza sauti kitazimwa nikitoka nje yake. Nikaketi nayo mapajani. Kisha yule farasi akainama.

Nilitazama mizizi ikining'inia mdomoni mwake, na maua ni yangu, niliyachagua mimi. Nilimwona mzee mwenye kikombe chini ya kamba. Sikumjua kwa sura lakini nilijua ni nani. Kuna mambo ambayo kipaza sauti hakiyasaidii. Sikukimbia, Mama Jacky. Nilikwenda Hurlingham.

Mlinzi wa yadi aliniuliza kama nina barua ya kuutoa mkokoteni. Nikamwambia mimi ndiye ninayeandika hizo barua. Akasema lazima ampigie mkubwa. Nikamwambia apige, na nikaushika mkokoteni kwa mikono yake miwili nikaanza kuuvuta kuelekea langoni, na viatu vya uzinduzi. Sikufika mbali. Kile kitu ni kizito hata kikiwa kitupu, na sijui Okinyi anakipandishaje kilima. Lakini nadhani mlinzi hakutaka kuonekana akipigana na mama wa umri wangu. Alifungua lango. Mwenye pikapu aliyekuwa anapita alinisaidia. Sasa uko uani kwangu, kando ya waridi.

Mfadhili ameniandikia kwamba nimevunja makubaliano. Sawa. Kibali cha kazi kiko kwa jina la kamati hadi mwisho wa mwezi huu, hakiko kwa jina lake. Wengi wa kamati wako nami. Waliobaki hawashiki simu.

Wewe una hasira. Hasira yangu ni kubwa kuliko yako. Wewe walikudanganya watu usiowajua. Mimi walinidanganya watu niliowanywesha chai hapa sebuleni, na wakatumia jina la mama yangu kwenye tangazo la nyumba zao.

Alhamisi asubuhi nitakuja na mkokoteni, fundi wa bomba na majembe. Naomba ile koki. Si kwa ajili ya kioo.

Wahu
(Nyumbani naitwa Mama Kui.)

—

Kwa Farasi
10 Machi 2025

Mama Kui,

Alhamisi ulikuwepo, kwa hiyo sikusimulii jinsi Okinyi alivyokataa kugusa spana hadi aukague mkokoteni wake gurudumu kwa gurudumu. Wala sikusimulii jinsi udongo ulivyozolewa, saruji ikabanduka na maji yakamrukia fundi usoni kabla koki haijarudi mahali pake. Wewe mwenyewe ulikunywa kwa kiganja, ukalowa hadi kifuani, ukasema bado yana ubaridi. Nakuandikia ya baada ya hapo.

Fundi wako alirudi na mpimaji wa maji. Amesema ni safi, ni yale yale yanayopanda kwenye ofisi za ghorofani. Alitaka pia kubadilisha mpira wa koki. Okinyi alimuuliza huo mpira umemkosea nini. Umebaki.

Ijumaa alikuja Janice na vijana wawili na ubao mkubwa mweupe: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. USIGUSE. Wakaufunga kwenye nguzo kwa waya, watu wakiwa kwenye foleni na vikombe. Akamgeukia Mulwa.

"Hakikisha hakuna mtu anagusa."

Mulwa alikuwa ameshika kikombe changu, amekunywa nusu.

"Madam, mimi niliandikwa kulinda maua," akamwambia. "Maua hayako."

Janice alipiga picha, akasema tutasikia kutoka kwa mawakili. Tunasubiri. Wakija, nao watakuwa na kiu, ni kiangazi.

Ubao wao niliushusha jioni. Ni mbao nzuri, laini upande wa nyuma. Nimeukwangua, nikauosha kwa maji ya moto, na sasa nasukumia chapati juu yake.

Usidhani nimetulia. Lile neno "ulitelekezwa" bado liko kwenye kibao, na jina la mfadhili bado liko juu yake kwa herufi kubwa kuliko neno "maji". Na Okinyi hajalipwa hata siku moja ya zile alizobeba kwa mgongo. Hayo ni ya kamati yako na nitakuandikia hadi yaishe. Karatasi ninazo.

Kuna jambo moja zaidi. Tumepanga zamu upya. Pembe za hodhi bado zina udongo, na maji yakisimama yanatoa harufu ya mbolea. Wengine walisema tuanze na Mulwa, wengine walisema Kiarie atafutwe popote alipo. Mzee Odero alisema aanze mwenye maua.

Jumamosi hii ni yako. Njoo mapema kabla ya foleni, na uje na brashi, zetu zilitupwa. Ukikosa, utakunywa wa mwisho wiki nzima, hata kama umefika wa kwanza.

Peres
Mama Jacky